Nusu Kitanda Hadi Karwar

Mimi sijui kukaa. Mume wangu husema nikikaa kwenye kiti zaidi ya kikombe kimoja cha chai, kiti chenyewe huanza kuwa na wasiwasi. Januari ile nilizidi. London ilikuwa na mvua nyembamba isiyojua kukoma, giza linaingia wakati bado tunasugua masufuria kwenye jiko la shule ninakofanya kazi, na nikirudi nyumbani Tottenham nilikuwa nazunguka tu: sebuleni, jikoni, dirishani, sebuleni tena. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama kuna kitu nimepoteza. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, nimepoteza likizo yangu, na kama ameiona mahali anirudishie.

Sikuwa natania sana. Tangu nije nchi hii sijawahi kupanda ndege ila kuna mtu kafa, anaoa, au anaumwa. Unafika umebeba viatu vya watu, simu za watu, dawa za watu. Unalia, unapika, unagawa, unarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Mara hii nilitaka nilale mchangani kama gogo, mtu yeyote asinijue. Shule hufungwa wiki moja mwezi wa pili, na wiki hiyo nilikuwa nimeipania. Nilitaka twende India, mimi na mume wangu, tushuke Mumbai, tupande treni ya usiku inayoteremka na pwani mpaka mji mdogo unaoitwa Karwar, tukae siku chache mbele ya bahari, turudi.

Anayetujua angeuliza: kwa nini India, na mume wako ni mtu wa Tanga? Kwao bahari iko mwisho wa barabara. Mimi wa Morogoro ndiye ningefaa kuililia bahari. Lakini Karwar hatukuichagua sisi. Aliichagua mdogo wake mume wangu.

Shemeji yangu huyo alipopata maradhi ya damu, madaktari wa nyumbani walifika mwisho wao wakasema apelekwe India. Mume wangu akaomba ruhusa kazini, akaungana naye Mumbai awe msindikizaji wake, wakakaa wodini wiki baada ya wiki. Kitanda cha jirani alilala mwalimu mstaafu, mgonjwa naye, mtu wa Karwar. Ndiye aliyewasimulia habari za ile treni: inavyopenya kwenye mahandaki, inavyovuka mito kwa madaraja marefu, mpaka unafika kwao, unakwenda ufukweni, unasimama, na mbele yako hakuna kitu mpaka Afrika. "Ni bahari yenu hiyohiyo," aliwaambia, "ila hamjaiona kwa upande huu." Shemeji jambo hilo lilimkaa moyoni. Akasema wakimruhusu kutoka, kabla hawajarudi nyumbani, lazima wapande treni hiyo, akasimame Karwar aangalie kwao. Hawakumruhusu. Mume wangu alirudi naye Tanga akiwa ndani ya sanduku.

Hayo alinisimulia mara moja tu, siku aliyotua London, akifuta sahani moja ileile mpaka nikamnyang'anya. Halafu akafunga mdomo. Mama yake, ambaye sasa ni bibi mzee pale Tanga mjini, amekuwa akimuuliza kwa simu mwaka hadi mwaka: alikuwa anakula nini? Alikuwa anasema nini? Usiku, wageni wakitolewa wodini, alikuwa na nani? Naye humjibu yaleyale, alitunzwa vizuri, mama, alitunzwa. Tukienda Tanga hukaa barazani na gazeti. Mtu aliyekulia majini, siku hizi hana hata kaptura ya kuogelea. Nimeolewa na mwanamume mpole, sina kesi naye, lakini kuna kipande chake kilibaki kwenye ile wodi, na nilikuwa nimechoka kuishi na kilichorudi. Nilitaka aende Karwar akaimalize ile safari. Nilitaka hilo kuliko nilivyoutaka mchanga.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nimechoka na baridi, nataka jua.

"Mimi nasafiri kila siku," akasema. Yeye ni dereva wa basi.

"Unasafiri mpaka London Bridge na kurudi."

"Na kule pana maji."

Kunyamaza kwa mume wangu kunaweza kuwa ndiyo, kunaweza kuwa hapana, na kunaweza kuwa hajasikia. Nilipolitaja jina la Karwar alinyamaza. Mimi nikahesabu kwamba ni ndiyo, nikaanza kukimbia kabla hajabadili mawazo.

Nilipanga safari ile kama mtu anayefukuzwa. Simu yangu nilikuwa nimeifungua kurasa nyingi mpaka ikawa inapata moto mfukoni mwa aproni. Ninakata karoti za watoto wa Kiingereza, huku najua Karwar saa hiyo kuna joto kiasi gani. Nilijua stesheni yao iko nje ya mji na kwamba kutoka pale unachukua bajaji, na nilifurahi kijinga kabisa kuona na wao wana bajaji, utadhani bajaji zilianzia Morogoro. Nilinunua mafuta ya jua huku dirishani kuna theluji. Sanduku nililitoa juu ya kabati mapema mno, nikaliweka katikati ya korido, kila mtu akawa anajikwaa nalo, na kila aliyejikwaa nilimfokea kana kwamba yeye ndiye aliyeliweka.

Viza huombwa mtandaoni. Jioni moja nilikaa na mume wangu mezani nikawa namsomea maswali, yeye anajibu huku anakula. Tukafika panapouliza kama mwombaji amewahi kufika India, alikaa wapi, na namba ya viza ya zamani ni ipi. Nililisoma kwa sauti kabla ya akili yangu kulifikia. Akaweka kijiko chini. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na pasipoti yake ya zamani iliyokatwa pembe, akaiacha mezani ikiwa imefungwa, akaenda bafuni. Maji yakamwagika muda mrefu. Nikaifungua mwenyewe, nikanakili namba ya viza ya msindikizaji wa mgonjwa, nikaifunga haraka. Panapouliza alikaa wapi niliandika jina la hospitali. Hakukuwa na pengine alipokaa.

Tiketi ya treni ndiyo iliyonitoa jasho. Kila nilipojaribu mwenyewe nilikwama panapotakiwa namba ya simu ya huko, nami sina. Basi Jumamosi nikapanda treni mpaka Southall, kwa mama mmoja mwenye kiduka cha kukata tiketi nyuma ya duka la sari. Alikuwa Mpunjabi wa makamo, miwani imening'inia kifuani, heater ndogo miguuni. Nilipofungua mdomo tu akaacha Kiingereza.

"Wewe ni wa wapi, mama?"

"Tanzania."

"Ah, majirani! Mimi nilizaliwa Kisumu." Akavuta kibodi karibu, sauti yake ikashuka. "Pole sana. Nani ndiye mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Tunakwenda pwani. Kupumzika."

Aliniangalia juu ya miwani. "Mimi nimekatia watu wenu tiketi ya India miaka mingi, mama. Sijaona hata mmoja ameenda kuogelea."

Nilicheka, nikaona ni utani wa biashara, sikuutia maanani. Laiti ningeutia. Yeye akatafuta kwenye kompyuta yake, akaguna, akatafuta tena. Treni zimejaa, akasema. Watu wa India hubuku mapema, nami nimekuja kama mtu anayetaka basi la kwenda sokoni. "Lakini iko hii ingine," akasema. "Si kitanda kamili. Wanakupa ruhusa ya kupanda, lakini kitanda ni moja, ile ya pembeni kwa ujia, ya watu wawili. Mchana mnakaa mkiangaliana. Usiku mnajipanga vile mnaweza. Mtu mwingine akikanseli safari yake, mnapewa kitanda ingine, kila mtu na yake."

"Na asipokanseli mtu?"

"Basi mtajuana. Si ni bwana yako?"

"Nitajua lini?"

"Siku yenyewe. Masaa machache kabla treni iondoke wanatoa majina."

Mimi, ambaye nikingoja chai ichemke nafunua kifuniko kila saa, niambiwe nivuke bahari nikiwa na nusu kitanda na matumaini. Roho ilikataa. Lakini wiki ya shule haisogei, na hakukuwa na nyingine. Nikaichukua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakasirika na Wahindi nisiowajua, wamelala makwao kwenye vitanda vyangu.

Nilipomweleza mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu kwenda zamu. Mikono ikasimama.

"Kitanda kimoja?"

"Kimoja. Cha pembeni. Labda tutapata cha pili siku ya safari."

Uso wake ulijifunga kama dirisha. Akamaliza kufunga kamba, akatoka bila kuniaga, jambo ambalo halifanyi. Nikadhani ni hasira. Nikajiambia huyu mtu hataki kujibana na mimi kwa usiku mmoja baada ya maisha yote haya, nikapandwa na hasira zangu mwenyewe, nikafua mapazia.

Halafu ikaja ile ya lifti.

Ghorofa ya chini yetu anakaa Mkongomani mmoja wa Bukavu, mama mkarimu anayefanya usafi wa ofisi alfajiri, na tunasali kanisa moja. Siku hiyo tulikutana kwenye lifti, mimi nimekumbatia taulo za ufukweni.

"Dada, haraka hii yote ni ya nini?"

"Najiandaa, dada. Mwezi wa pili tunakwenda India, mimi na mzee."

Akanishika mkono. Lifti ikashuka, akaendelea kunishika, mlango ukafunguka, akasema polepole, "Mungu iko, dada." Nikamwitikia amina. Nilidhani anaombea ndege.

Jambo lenyewe kila mtu wa kwetu analijua, nami kiherehere kilinisahaulisha. Kwetu mtu haendi India. Mtu anapelekwa India. Ukisikia jirani yuko India unajua hospitali za nyumbani zimeshindwa, na unaanza kuangalia nguo zako nyeusi ziko wapi. Na adabu yetu ni kwamba ugonjwa wa mtu hauulizwi. Anayeuliza anaumwa nini huyo ni mmbea. Mwenye utu husema pole, huleta supu, huondoka. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, hakuna niliyemsahihisha.

Supu ilianza kuja siku iliyofuata. Supu ya kuku, supu ya kongoro, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Nikashukuru, nilidhani jirani kaniona nimechoka. Jumapili kanisani watu walimpisha mume wangu kiti cha mbele karibu na heater. Mama mmoja alimtazama kutoka shingoni mpaka viatuni akamnong'oneza mwenzake kwamba kakonda, na mume wangu hajawahi kukonda tangu nimjue. Siku mbili baadaye akarudi kutoka kazini, akasimama mlangoni na koti lake.

"Leo mtu kapanda basi langu. Hakunisalimu. Kaniambia pole."

"Pole ya nini?"

"Ndicho ninachokuuliza wewe."

Hapo ndipo jambo liliponiingia kichwani: supu, heater, lifti na yule mama wa Southall, vyote pamoja. Nikashuka ngazi bila kungoja lifti. Jirani alinifungulia akiwa na kitambaa cha kichwani.

"Dada, mume wangu haumwi," nikasema.

"Ndiyo, dada. Kwa jina la Yesu, haumwi."

"Hapana, nisikilize. Ni mzima. Tunakwenda kuoga baharini."

Macho yakamjaa machozi. "Vizuri sana. Akipona muende hata baharini."

Nilijaribu tena, na tena. Kadiri nilivyokataa ndivyo imani yangu ilivyomshangaza. Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa matangazo nikasema mbele ya watu wote kwamba mume wangu ni mzima kabisa, na kanisa zima likaitikia amina kwa sauti ambayo hatujaitoa tangu Krismasi. Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na nilikuwa sijamwona akicheka hivyo siku nyingi. Nikasema moyoni, basi, hata kama ni kwa njia hii. Nikadhani mambo yatakwenda.

Lakini habari haikai Tottenham. Ilipanda simu za watu ikafika Tanga, na kule haikuwa kichekesho.

Mama mkwe alipiga asubuhi moja mume wangu akiwa hajaenda kazini. Yeye huweka simu mezani kwa spika, huku anapiga pasi shati lake. Hakukuwa na salamu.

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Siumwi, mama."

"Na mdogo wako alisema hivyohivyo. Alisema uchovu."

"Mama, siumwi. Tunakwenda kupumzika tu."

"Watu wanapumzika India?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na yule si mwanamke wa kutetemeka. "Nilipeleka mmoja wakaniletea sanduku. Mpaka leo sijui usiku ule alikuwa na nani. Kama unaumwa, tibiwa hapohapo kwa Wazungu. India sitaki. Umenisikia? Sitaki."

Akakata. Mume wangu alizima pasi, akasimama akiishikilia.

"Mwambie yule mama wa Southall afute," akasema.

Nilikasirika nikashindwa kukaa, kusimama, wala kutoka. Nilimkasirikia mama yake, nikamkasirikia jirani, nikazikasirikia supu moja moja. Nikamtolea yote niliyokuwa nimeyaficha: kwamba sina haja na jua, kwamba ile safari si yangu, ni ya mdogo wake, na kwamba nimechoka kumwona akikaa barazani na gazeti wakati bahari inamwita.

"Najua ni yake," akasema. "Nilijua tangu ulipotaja Karwar."

"Basi mwambie mama hivyo. Mwambie ni mwanawe aliyetaka."

"Nikianza kumwambia habari za Karwar, itabidi nimwambie na mengine."

"Yapi?"

Akavaa shati likiwa na mkunjo upande mmoja, akaenda kazini.

Siku ile sikumpigia mama wa Southall. Nilishika simu mara sijui ngapi. Nilikwenda sokoni Seven Sisters nikanunua ndizi nisizozihitaji, nikarudi, nikasugua bafu ambalo lilikuwa safi. Kwa upande mmoja niliona bibi mzee hawezi kutiwa kihoro mara ya pili kwa ajili ya mimi na mchanga wangu. Kwa upande mwingine nilijua tukiifuta safari hii hakuna nyingine. Mume wangu ataifunga kabisa, na mimi nitazeeka na mtu ambaye nusu yake iko Mumbai. Niliogopa. Sitaki kulipamba. Niliogopa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Mchana simu ikaanza kulia mfululizo. Watu wa kanisa na watu wa Tanga walioko London walikuwa wamefungua kundi la WhatsApp la kuchangia matibabu, wakaweka picha ya mume wangu akiwa na suti, na jina la kundi likawa Tusimame Naye Safari ya India. Mtu fulani, katika haraka ya kuongeza namba, alikuwa amemwongeza na mgonjwa mwenyewe. Nikaona jina lake likiingia, nikafunga macho. Ujumbe ulikuwa unamiminika: mistari ya Zaburi, mikono ya kuomba, ahadi za michango. Kisha mtu mmoja wa Tanga, aliyesoma darasa moja na shemeji, akaandika: "Ndugu zangu, tulimpoteza mdogo wake kulekule, kafia ugenini usiku, peke yake kitandani, ndugu hayupo kando. Huyu tusikubali aende hivyo."

Mume wangu alirudi mapema kuliko nilivyomtarajia, na sare bado mwilini. Hakuvua viatu. Simu alikuwa ameishika mkononi kwa nguvu.

"Nani kawaambia alikuwa peke yake?" Alikuwa ananiuliza mimi, kwa sauti kubwa, mtu ambaye hata madereva wa malori hawafokei. "Nani kawaambia?"

"Hakuna aliyewaambia," nikasema. "Hakuna aliyewaambia lolote. Ndiyo maana."

Akasimama pale pale kwenye korido, mguu mmoja umegusa sanduku langu. Halafu akaenda mezani, akapiga Tanga, akaweka spika.

"Mama, usikate. Nisikilize mpaka mwisho. Mimi siumwi. Tunakwenda kuoga baharini."

"Baharini India? Kwani hapa bahari imekauka?"

"Ni yeye aliyetaka, mdogo wangu."

Akamwambia yote: mwalimu wa kitanda cha jirani, treni, mahandaki, ile bahari inayoonekana kwa upande wa pili, na jinsi mdogo wake alivyotaka kusimama pale aangalie kwao. Alisema polepole kama anayeendesha kwenye ukungu. Bibi hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, yule mwanamke akauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, kwa sababu lile la maana zaidi limemshinda kutamka.

"Na huko kwenye treni mtalala wapi?"

"Tumepata kitanda kimoja, mama."

"Kitanda kimoja watu wawili? Mtalalaje?"

Mume wangu akaangalia meza. "Inawezekana. Mimi na yeye tulilala hivyohivyo."

"Wewe na nani?"

"Na yeye. Wodini. Zile dawa zilikuwa zinamtia baridi, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, blanketi hazimtoshi. Nikawa napanda kitandani. Namweka mgongo wake kifuani kwangu mpaka kuche. Manesi walinifukuza mwanzoni, baadaye wakaacha."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na siku ile?"

Nilitaka kuizima ile simu. Mume wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Na siku ile, mama. Lakini nilikuwa nimelala. Nilichoka, nikapitiwa. Niliamka nikamkuta ameondoka, yuko mikononi mwangu, na sijui aliondoka saa ngapi. Sikusikia. Ndicho nilichoshindwa kukwambia. Nilikuwa pale na sikusikia."

Kutoka Tanga tulisikia kuku, tulisikia redio ya jirani yao, na pumzi za bibi. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Sijui nilikaa lini.

"Kumbe alilala na wewe," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Basi alilala na wewe ukalala. Toka wadogo mlikuwa mkilala hivyo, mkeka mmoja, nikija asubuhi siwezi kumwamsha mmoja nisimwamshe mwingine." Akavuta pua. "Miaka yote hii nilikuwa namwona peke yake. Kila nikifunga macho, peke yake. Ungeniambia, mwanangu."

Mume wangu alilia hapo, kwa sauti, na sare yake ya basi, na mama yake akamwacha alie. Binti yetu akachungulia kutoka chumbani kwake, akaniangalia, nikamwashiria aje, akaja akakaa sakafuni kando yangu bila kuuliza chochote kwa lugha yoyote.

Baada ya muda bibi akakohoa, sauti ikarudi kuwa yake ya siku zote, ya kuamuru.

"Nendeni. Mkifika umwonyeshe mdogo wako. Simama uangalie huku."

"Sawa, mama."

"Na mkeo je? Huyo asiyejua kutulia. Atakubali usiku kucha kwenye nusu kitanda?"

Mume wangu akageuka kuniangalia. Alikuwa hajafuta uso. Nikaona anaogopa jibu langu, na nikaelewa uso wake ulifungia nini ndani siku ile anafunga kamba za viatu.

"Kinatosha, mama," nikasema kutoka sakafuni. "Hata wakitupa cha pili, sikitaki."